Maunti za Injini: Lipia Uchunguzi Kabla ya Kulipia Raba

Gari likianza kutetemeka ukiwa umesimama kwenye foleni, mtetemo ukapanda hadi kwenye usukani na kiti, neno la kwanza utakalolisikia gereji ni maunti. "Bosi, hizi maunti zimekwisha, tubadilishe zote." Huenda fundi amesema kweli. Huenda pia ametaja kilicho rahisi kukuuzia, maana raba yoyote iliyokaa kwenye injini miaka kumi na tano haikosi nyufa, na mwenye gari akishaonyeshwa ufa hana la kujibu. Mwongozo huu ni wa mwenye gari dogo la mjini. Mfano wangu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, kwa kuwa imejaa Dar es Salaam kiasi kwamba ni vigumu kumpata fundi ambaye hajawahi kuifungua. Mwenye Vitz au Probox hatapotea. Mwenye Crown au Subaru avumilie, zamu yake ipo mwishoni.

Injini haikazwi chuma kwa chuma kwenye bodi. Hukalishwa juu ya maunti, ambazo ni vipande vya chuma vilivyogandishwa kwenye raba nene, upande mmoja ukifungwa kwenye injini na wa pili kwenye bodi. IST ina tatu. Ya kulia, upande wa dereva, hushika injini upande wa cheni. Ya kushoto iko chini ya betri na hushika giaboksi. Ya tatu iko nyuma, chini, mahali ambapo huioni bila kuingia uvunguni. Hiyo haibebi uzito mkubwa, kazi yake ni kuizuia injini isibinuke unapoingiza gia au kukanyaga mafuta. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 750 kwa dakika hulipua mafuta mara 25 kila sekunde, na kila mlipuko ni teke. Raba ndiyo inayoyameza mateke hayo. Ya kulia mara nyingi huwa na la ziada: vyumba viwili vya majimaji vilivyounganishwa kwa njia nyembamba, ili majimaji yakipita huku na huku yapunguze mtikisiko. Raba hiyo ikipasuka majimaji huvuja, injini hushuka kidogo upande ule, na mwenye gari huanza kuusikia mtetemo asioweza kuueleza.

Joto na umri huimaliza raba taratibu. Mashimo na matuta nayo husaidia. Lakini usiisahau oili. Gasketi ya tapeti kava ikianza kuvuja, oili hutiririka pembeni mwa injini na kutua juu ya maunti, na raba iliyolowa oili muda mrefu huvimba, hulainika na kuachana na chuma chake. Ukibadilisha maunti bila kuziba uvujaji ulio juu yake, umeipeleka mpya kwenye kifo kilekile. Kwa hiyo gharama ya kwanza ya kuuliza ni ya gasketi, nayo kwa kawaida ni ndogo kuliko ya maunti.

Kwanza jua kinachotikisa

Anzia kwenye kiti cha dereva, bila fundi. Washa gari, ngoja injini ipate joto, weka gia kwenye N na uisikilize ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma yenyewe bila kukanyagwa mafuta. Kisha kanyaga breki sawasawa, washa kiyoyozi na uingize D. Kama kwenye N ilikuwa shwari na kwenye D usukani unatetemeka, mashaka yako yaelekee kwenye maunti. Ukitoka P kwenda R ukasikia kishindo cha "tu!" chini ya miguu, mashaka yazidi, hasa kwa ile ya nyuma.

Lakini kama mtetemo ni uleule kwenye N na P, na mngurumo unakatika-katika, gari linamisi. Hapo tafuta plagi iliyochoka, koili iliyokufa au throto iliyojaa masizi. Taa ya injini ikiwa inawaka, usikubali mtu afungue hata nati moja kabla gari halijawekwa kwenye mashine. Kodi P0301 maana yake silinda ya kwanza haichomi ipasavyo, P0302 ni ya pili, na kuendelea. P0300 ni kumisi kusikokaa kwenye silinda moja. Hakuna maunti duniani inayotibu kodi hizo. Tena injini inayomisi huzipiga maunti kila sekunde, hivyo anayeanza na maunti na kuacha plagi hulipa mara mbili.

Kuna mitikisiko mingine inayosingiziwa maunti. Usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 hadi 100 kwa saa na kutulia ukipunguza, anza na balansi ya magurudumu. Gari likitikisika unapokanyaga mafuta kupandisha mwendo, likatulia ukiachia, jointi za ndani za shafti za magurudumu ya mbele zinastahili kutazamwa. Na mwenye Passo au Vitz ya lita moja yenye injini ya 1KR ajue kwamba ina silinda tatu. Hutetemeka kuliko ya silinda nne hata ikiwa mpya. Wapo waliobadilisha maunti zote za Passo wakitafuta utulivu ambao gari hilo halikuzaliwa nao.

Sasa fungua boneti. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki kwa nguvu, na mtu mwingine asimame pembeni ya gari, kamwe asisimame mbele wala nyuma. Ingiza D, gusa mafuta kidogo mno, achia. Ingiza R, fanya vivyo hivyo. Injini nzima kusogea kidogo ni kawaida. Ikiruka na kurudi kwa kishindo, kuna raba iliyoachia. Jaribio hili ni la sekunde chache tu, wala halihitaji kuikoroga injini hadi moshi utoke. Fundi anayekanyaga mafuta mpaka mwisho huku gia imeingia anatafuta ajali, na giaboksi ya otomatiki nayo inaumia.

Kinachofuata ndicho kinachotenganisha uchunguzi na maneno. Mwombe fundi achukue tochi na mtaimbo, aupitishe mtaimbo kati ya injini na bodi karibu na kila maunti, abinue taratibu, nawe ukiwa unatazama. Nyufa ndogo za juu, mithili ya za tairi lililokaa juani, si hukumu ya kifo. Unachotafuta ni raba iliyoachana na chuma chake, au mwanya unaofunguka na kufunga mtaimbo unapobinuliwa, au chuma cha katikati kilichoshuka hadi kugusa kingo za chini, au doa la majimaji meusi yaliyotiririka kutoka kwenye maunti yenyewe. Ukikiona kimojawapo, maunti hiyo imekwisha na hakuna ubishi. Usipokiona hata kimoja, mwambie fundi kwa heshima kwamba utarudi.

Mlipe kwa uchunguzi huo. Mafundi wengi wa mitaani hawatozi kutazama, na ndiyo maana kutazama kwao huishia kwenye kuuza. Ukimwambia tangu mwanzo, "Kaka, nitakulipa kwa kupima hata kama hatubadilishi kitu," utaona jinsi kauli yake inavyobadilika.

Hesabu yenyewe

Bei za spea Kariakoo na Gerezani hupanda na kushuka na dola, na wakati mwingine na sura ya mnunuzi. Za Kirinyaga Road kule Nairobi haziko mbali na tabia hiyo. Namba nitakazotaja ni za kufanyia hesabu tu, weka zako mahali pake. Kinachodumu ni mpangilio. Maunti ya mtumba iliyovuliwa kwenye gari lililoletwa kutoka Japani ndiyo ya bei ya chini au karibu yake. Juu yake ziko mpya za viwanda vya China, Taiwan na Thailand, nazo hupishana sana kwa ubora. Na juu kabisa iko ya kampuni yenyewe, kutoka kwa wakala rasmi, ambayo inaweza kugharimu mara kadhaa ya zile nyingine.

Watu wengi hukimbilia mtumba kwa imani kwamba cha Japani ni cha Japani. Kwa mlango, taa au hata giaboksi, imani hiyo ina msingi. Kwa raba, fikiri upya. IST ya toleo la kwanza iliacha kutengenezwa 2007. Kama maunti iliyovuliwa humo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani, raba yake inakaribia miaka ishirini au imeipita, iwe gari lilitembea au lilikaa tu. Unaondoa raba ya uzee na kuweka raba ya uzee. Inaweza kudumu, nimeona zikidumu, lakini usiilipe bei inayokaribia ya mpya.

Tuseme mtumba ni shilingi 40,000, mpya ya ubora wa kati ni 90,000, na ufundi ni 25,000. Mtumba unakugharimu 65,000 na mpya 115,000. Ukikaa na mtumba miaka mitatu, umefanya biashara nzuri. Mtumba huo ukifa baada ya miezi minane, na ukanunua mwingine, umetoa 130,000 na bado una raba ya uzee kwenye gari. Mpya ya bei ya chini kabisa nayo ina mtego wake: mara nyingi ile ya kulia hutengenezwa kwa raba tupu bila majimaji, ngumu, ya bei nafuu. Injini haitaruka tena, lakini utaisikia kwenye usukani kuliko ulivyoisikia kabla. Dukani zipime kwa mkono. Shika ya zamani mkono mmoja na mpya mkono wa pili. Ikiwa mpya ni nyepesi mno, muulize muuzaji kama ina majimaji ndani, na umtazame usoni akijibu.

Je, ubadilishe zote tatu? Kwenye video za mafundi wa Marekani na Uingereza utaambiwa ubadilishe zote kwa pamoja. Kule ushauri huo una mantiki ya pesa: gereji hutoza kwa saa, ufundi wa kazi kama hii unaweza kuizidi bei ya spea, kwa hiyo mtu akishafungua anamalizia kila kitu. Kwetu uwiano umegeuka. Ufundi ni sehemu ndogo ya bili na spea ndiyo mzigo. Kwa mfano wetu, kubadilisha iliyokufa peke yake ni 115,000. Kubadilisha zote tatu, hata fundi akikupunguzia ufundi hadi 50,000 kwa jumla, ni 320,000. Tofauti hiyo ni plagi nne, oili na chujio, na chenji inarudi mfukoni. Msimamo wangu ni huu: iliyokufa ibadilishwe, nzima iachwe. Zikiwa mbili zimekufa, hapo ninakubaliana na fundi kwamba ya tatu nayo itakuwa imebeba kisichokuwa chake, na bora kumaliza.

Hoja ya fundi kwamba maunti mpya moja "itabebeshwa mzigo" na za zamani si ya uongo, ila ina kipimo. Kama nyingine imeshuka, injini imelala upande na mpya itavutwa tangu siku ya kwanza. Kama nyingine ina nyufa za juu tu na haijashuka, hakuna mzigo wa kuogopa. Ndiyo maana ule mtaimbo na tochi vina thamani kuliko punguzo lolote utakalolipata dukani.

Kuna pia njia ya tatu inayopendwa mitaani: kukata kipande cha tairi na kukisokomeza kwenye mwanya, au kujaza silikoni. Kwa gari linalotakiwa kufika Chalinze leo, sawa. Kama matengenezo, hapana. Kipande cha tairi hakikugandishwa na chuma, hutoka, na kikiwa bado kimekaa huwa kigumu kiasi cha kupeleka mtetemo wote kwenye bodi.

Kuiacha iliyokufa nako kuna bei. Injini inayoruka huzivuta paipu ya eksozi, mipira ya maji, nyaya na jointi za shafti. Dereva wa teksi mtandao, anayeingiza D na R kutwa nzima, hilo litamfikia mapema kuliko anayekwenda kanisani na kurudi.

Dukani

Usiende na neno "maunti ya IST" peke yake. Kuna IST ya lita 1.3 na ya 1.5, na ipo inayovuta magurudumu yote manne. Kodi za chesisi ni NCP60, NCP61 na NCP65. Piga picha kibandiko cha chesisi, na ikiwezekana nenda na maunti ya zamani mkononi. Namba za spea za Toyota zina tarakimu kumi, na tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa: 12305 ni maunti ya kulia, 12372 ya kushoto, 12371 ya nyuma, na 12361 ya mbele kwa magari yaliyo nayo. Tano za mwisho ndizo zinazotenganisha gari na gari. Muuzaji akikupa boksi lenye 12305 huku unatafuta ya kushoto, humhitaji fundi kukwambia mmepotezana.

Halafu kuna cha juu. Fundi akienda kununua mwenyewe, tarajia kwamba bei atakayokuletea si ile aliyolipa. Sioni haja ya kugombana naye kwa hilo, mradi alibebe na jukumu lake: spea isipoingia, anairudisha yeye, ikifa ndani ya muda mliokubaliana, anabadilisha bila kukutoza ufundi tena. Ukinunua mwenyewe unaokoa cha juu, lakini ukileta isiyo yake, siku ya fundi imepotea na atakudai. Ubaya ni kulipa cha juu na bado kubebeshwa jukumu. Kubalianeni kabla nati ya kwanza haijalegezwa, na dai risiti ya EFD, maana bila risiti "tuliuziana" huwa neno la upande mmoja.

Gari likiwa juu ya jeki

Hapa kaa karibu. Ili kutoa maunti ya kulia, injini lazima ishikiliwe kutoka chini, na fundi mwenye haraka huweka jeki moja kwa moja kwenye sampu ya oili. Sampu ni bati. Ikibonyea huweza kukikaribia au kukigusa kichujio kinachofyonza oili, na injini ikikosa oili hatuzungumzii tena maunti. Dai kipande cha mbao pana kati ya jeki na sampu, na jeki ipandishwe taratibu mpaka ibebe uzito tu, bila kuinyanyua injini. Kwa ya kushoto, betri na sahani yake hutolewa. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa na uwe wa mwisho kurudishwa. Kwa ya nyuma mtu huingia uvunguni, na hapo gari lazima likae juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika tano, hata fundi akikwambia amefanya hivyo maisha yake yote.

Bolti ziingizwe zote kwa mkono kwanza. Ikihitajika injini kusukumwa kwa mtaimbo ili bolti iingie, kuna kitu hakijakaa au spea si yake. Zikiingia zote, jeki ishushwe, injini ikae inavyotaka yenyewe, itikiswe kidogo kwa mkono, ndipo kukaza kwa mwisho kufanyike. Raba iliyokazwa ikiwa imejipinda hubaki imejipinda, na maunti mpya kabisa itatetemesha gari.

Magari mengine kwa ufupi. Crown na Mark II huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Injini imelala kwa urefu, ina maunti mbili ubavuni na moja ya giaboksi, na ikishuka feni inayozungushwa na injini, kwa magari yaliyo nayo, inaweza kugusa kava lake. Subaru ina mbili chini, ya giaboksi, na kijiti kifupi chenye bushi juu ya giaboksi kinachozuia kubinuka. Kijiti hicho hubadilishwa kwa urahisi na kinafaa kutazamwa kwanza. Baadhi ya Harrier, Honda za V6 na magari ya Ulaya zina maunti zinazoendeshwa kwa vakyumu au umeme. Hizo ni ghali kweli, na kabla ya kununua hakikisha mpira wake wa vakyumu haujachomoka au kupasuka.

Ukishachukua gari, iombe maunti ya zamani. Ibinye kwa mikono miwili uone kama raba imeachia kama ulivyoambiwa. Endesha siku mbili tatu, kisha rudia jaribio la D na R ukiwa umekanyaga breki. Mtetemo ukiwa umebaki au umeongezeka, usikimbilie kununua nyingine: mrudie fundi, alegeze bolti zote, aiache injini ikae, akaze upya. Kazi hiyo haihitaji spea, na aliyekufungia hapaswi kukutoza.